Swali Kwanza, Kitufe Baadaye

Walimu wenzangu wakitaka kuanza kutumia rimoti za kujibia darasani, yaani vidude vya mkononi ambavyo kila mwanafunzi hubonyeza kuchagua jibu, huniuliza kwanza habari za kifaa: wanunue zipi, zinaunganishwaje na kompyuta. Mimi huwarudisha kwenye swali. Nafundisha fizikia, na nimeona kwamba swali bovu haliponi kwa kupigiwa kura ya elektroniki.

Chukua hili ninalolitumia kila mwaka. Mpira umerushwa juu wima. Upinzani wa hewa tuuache. Ukifika kileleni, pale unaposimama kufumba na kufumbua kabla ya kurudi chini, unavutwa au kusukumwa na nguvu gani? A, hakuna nguvu. B, nguvu ya mkono ulioutupa. C, mvutano wa dunia peke yake. D, mvutano wa dunia na nguvu ya mkono, zimelingana. Hizo A, B na D sikuzibuni. Nilizikuta kwenye madaftari nikisahihisha. Chimba huko huko kwako, maana kosa ambalo mwanafunzi ameliandika kwa mkono wake ndilo litakalomvuta kwelikweli.

Onyesha swali, wape dakika moja au mbili wafikiri kimya, kisha wabonyeze. Matokeo yafiche. Chati ikishatokea ukutani, darasa zima huhamia kwenye nguzo ndefu na mjadala umekufa. Itazame peke yako. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kufundisha fizikia kwa mtindo huu mwaka 1991, ana kipimo ninachokifuata: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, rudia somo; wakizidi 70, eleza kwa kifupi usonge mbele. Ikiangukia katikati, mwambie kila mmoja atafute jirani mwenye jibu tofauti amshawishi.

Hapo wewe nyamaza. Pita katikati ya madawati, tega sikio. Siku moja nilimsikia msichana akimwuliza mwenzake aliyeshikilia A: "Kama hakuna nguvu, mbona haukai huko huko juu?" Mwenzake alitazama dari, kisha akabadilisha jibu. Swali lake hilo nimelichukua, nalitumia hadi leo.

Wapige kura ya pili, ndipo uzionyeshe chati zote mbili, na umwombe aliyehama aseme kilichomhamisha.

Kuhusu vifaa, rimoti zinataka betri na kipokezi kilichojaribiwa kabla ya kipindi. Kwenye simu, Kahoot, programu ya maswali ya kuchagua jibu, huwapa alama zaidi wanaojibu haraka, kwa hiyo kwa maswali ya kufikiri mimi huziondoa hizo alama. Pasipo na simu za wanafunzi, Plickers inatosha: kila mmoja ana kadi yake, anaigeuza herufi ya jibu lake ikae juu, nawe unazisoma zote kwa kamera ya simu yako moja.

Maswali mawili au matatu kwa kipindi yanatosha. Na kura ya kwanza usiitolee maksi kamwe. Mwanafunzi anayeogopa maksi atachungulia kwa jirani, na wewe hutajua anachoamini.