SOMO: Kuachana na FTP na kuhamia SFTP kwenye seva ndogo ya ofisi

Wiki hii nimeulizwa mara nne namna ya kuacha FTP na kuhamia SFTP, zote njia za kutuma faili kwenye seva. Jana nimepigiwa simu nikiwa Kibirizi, Kigoma, nasubiri mzigo ushuke botini. Basi naandika mara moja, msome wote.

FTP hupitisha jina na neno la siri waziwazi. Mkipakia faili za tovuti kwa wifi ya kibanda cha intaneti pale Mwanga, aliye kwenye wifi hiyohiyo anaweza kuvisoma. SFTP hupita ndani ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ya mbali, na kila kitu hufichwa. Mfano wangu ni seva ya Ubuntu.

1. Chukua bakapu.

2. Ondoa programu ya FTP: `sudo apt remove vsftpd`. Funga poti 21, mlango wa FTP.

3. Unda kundi `wapakiaji`, kisha mtumiaji `ofisi` ndani yake, sheli yake iwe `/usr/sbin/nologin`, asipate kuandika amri kwenye seva. Mwekee ufunguo wa SSH wa aina ya ed25519, aingie nao badala ya neno la siri.

4. Mwisho kabisa wa `/etc/ssh/sshd_config` weka mistari hii, inayomfungia mtumiaji ndani ya folda yake:

`Match Group wapakiaji`
`ChrootDirectory /srv/%u`
`ForceCommand internal-sftp`
`PasswordAuthentication no`
`AllowTcpForwarding no`

5. Umiliki wa folda. Hapa tulieni. `/srv/ofisi` lazima iwe ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), na asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuandika humo: `chown root:root`, `chmod 755`. Folda ya juu yake, `/srv`, vilevile. Ndani yake unda `tovuti`, hiyo ndiyo umpe mtumiaji. Mimi nilipowawekea SFTP kikundi cha akina mama wa dagaa kule Katonga, nilimpa mtumiaji folda yote ili asisumbuke. Akawa anakubaliwa, halafu anatupwa nje papo hapo. Nilikesha nabadilisha funguo, kumbe jibu lilikuwa kwenye logi ya seva, `/var/log/auth.log`, tangu saa ya kwanza: "bad ownership or modes for chroot directory", yaani umiliki au ruhusa za folda ya kumfungia si sahihi. Siku mbili bei zao mpya hazikuweza kupakiwa kwenye tovuti, na wateja wakapiga simu kwingine. Msiweke 777, inayomruhusu kila mtu kuandika. Someni logi kwanza.

6. Kagua mipangilio: `sudo sshd -t`. Ikinyamaza, `sudo systemctl restart ssh`. Dirisha ulilo nalo usilifunge hadi uingie kwa dirisha la pili.

Maswali

Kijana wa Gungu: Mkuu, nimeweka 777 ila inanitoa.
Jibu: Hatua ya 5. Imeandikwa.

Kijana wa Gungu: Nina haraka, ofisi inasubiri.
Jibu: Nami nilikuwa na haraka, ikanigharimu siku mbili. Rudisha 755, umiliki wa root, uniambie.

Dada wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Kwa nini `/srv/ofisi` iwe ya root?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Mtumiaji akishafungiwa humo, folda hiyo kwake ndiyo mzizi wa mfumo. Akiweza kuandika pale, anaweza kupachika `etc` au `lib` zake za uongo na kuhadaa programu inayoendeshwa humo kwa mamlaka makubwa. OpenSSH, programu ya SSH kwenye seva, inakataa mapema.

Dada wa Ujiji: Na umeme ukikatika katikati ya kupakia picha?
Jibu: Kwenye sftp tumia `put -a`, inaendelea pale ilipoishia, bando haliliwi mara mbili. Kama mnatumia programu ya kupakia faili ya FileZilla kwenye kompyuta ya pamoja, wekeni neno kuu la siri; bila hilo, maneno ya siri iliyoyahifadhi yanasomeka kirahisi.