Kukadiria kalori za chipsi mayai kwa macho

Muuza chipsi wangu pale Sinza hana karatasi ya kalori, ana kikaango na haraka. Kwa hiyo napiga hesabu mwenyewe, nimesimama karibu na jiko.

Anza na mafuta, maana hapo ndipo wengi tunajidanganya. Kijiko kimoja cha chakula kina kama kalori 120. Yeye humimina bila kupima. Mimi naweka vijiko viwili, 240, hata akiapa "ni kidogo tu, dada". Mayai mawili ni kama 150. Chipsi zenyewe, viganja viwili vilivyojaa, naziwekea 500, kwa kuwa zilishazama kwenye mafuta kabla ya kukutana na mayai. Jumla inakaribia 900, na soda bado: chupa ya mililita 350 huongeza kama 150.

Wali ni rahisi. Donge la ukubwa wa ngumi yako ni karibu 200. Sahani ya mama ntilie huwa na ngumi tatu, nne akikupenda. Maharage yakiwa ya nazi, naongeza 100.

Kachumbari siihesabu kabisa.