Kabla hujalipia kiploti kwenye bustani ya pamoja, tafuta kwanza bomba liko wapi

Watu wengi wakisikia kuna kiploti kimepatikana wanakimbilia kulipa ada, maswali yanakuja baadaye wakati hela imeshaenda. Mi nakushauri uende ukakiangalie mara mbili, asubuhi na jioni, manake kivuli kinahama, kiploti kilichokuwa kinawaka jua saa tatu asubuhi saa tisa unakikuta kimefunikwa na mti wa jirani. Nyanya, pilipili, bilinganya na wenzao wanataka jua la moja kwa moja kwa masaa sita kila siku, masaa nane ndo raha zaidi. Mboga za majani zinavumilia kivuli kidogo.

Sasa bomba. Hapa ndo watu wengi wanashindwa na hawajui kama wameshindwa na maji, wanadhani wao ni wavivu tu. Bustani ya mboga kwa makadirio inataka milimita 25 za maji kwa wiki, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kiploti cha mita 20 za mraba kinakunywa lita 500 kwa wiki kama mvua haijanyesha. Chukua keni ya kumwagilia ya lita 10, hizo ni safari 50. Kama bomba liko mita 40 kutoka kwako basi unatembea kilomita 4 kila wiki na nusu ya mwendo huo una kilo kumi mkononi, jua likiwa kali inaongezeka. Kwa hiyo uliza: mpira wa maji unaruhusiwa au ni keni tu? Foleni ya jioni ikoje? Kuna kipindi maji yanafungwa? Kuna pipa la kukingia mvua? Na ukishaanza tandaza nyasi kavu au majani juu ya udongo, unene wa sentimita 5 hadi 8, utapunguza safari nyingi sana.

Kwa hesabu hiyo hiyo, mwaka wa kwanza usichukue kikubwa. Mi nilichukua kizima wakati nusu ilikuwa inapatikana, tamaa tu, na hiyo nusu ya pili ikawa shamba la magugu mpaka nikaandikiwa barua ya onyo. Mita 10 za mraba zilizotunzwa zinakulisha kuliko 40 unazozionea aibu. Halafu jiulize ukweli, unaweza kufika pale mara tatu kwa wiki au ni mawazo ya wikiendi moja? Miche michanga haisubiri Jumamosi.

Udongo nao una historia. Uliza pale palikuwa nini zamani, kama palikuwa gereji, jalala au nyumba kuukuu zenye rangi za zamani basi kunaweza kuwa na risasi (madini, siyo ya bunduki), na hiyo huwezi kuiona kwa macho, inapimwa maabara. Ikikutwa kuna shida bado unaweza kulima kwenye matuta ya kuinua yenye udongo safi wa kuletwa. Kipimo cha bure cha kujua aina ya udongo ni chupa: weka udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa, acha itulie. Mchanga unazama ndani ya dakika chache, mfinyanzi unaweza kuning'inia siku nzima au zaidi.

Muulize jirani wa kiploti, yule mwenye kiploti aliyepita alikuwa anapanda nini na wapi. Nyanya, viazi mviringo, pilipili na bilinganya ni ukoo mmoja, magonjwa yao yanabaki ardhini, kama unaweza usiyarudishe mazao hayo sehemu ile ile mpaka ipite miaka mitatu. Na ukiona gugu la ndago usije na jembe kwa hasira, unakata mnyororo wa vile vijiazi vyake chini na kila kimoja kinachipua upya. Ling'oe na vijiazi vyake taratibu, rudia, rudia tena.

Samadi mbichi inaunguza miche na ina vijidudu, ukiitumia hesabu siku 120 kabla ya kuvuna kitu kinachogusa udongo kama karoti au saladi. Mboji iliyoiva haina presha hiyo.

Vifaa usinunue duka zima, jembe, reki, koleo dogo na keni vinatosha, mara nyingi kuna stoo ya pamoja. Matuta yasizidi upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo.

Mkataba usome wote hata kama ni karatasi moja. Dawa za kemikali zinaruhusiwa? Miti je? Kuna siku za kazi ya pamoja na ukikosa kuna faini? Ukisafiri mwezi nani anaruhusiwa kumwagilia? Funguo ya geti ni ya nani ikipotea? Uzio uliojenga kwa hela yako ukiondoka unabaki au unabeba? Na siku ya kukabidhiwa piga picha kila kona, hasa zile takataka alizoacha mwenzio, wasije wakakudai wewe uzitoe siku unayoondoka.