Siku 83 kwa nusu saa: namna ninavyogeuza kitabu cha vita kuwa mchezo wa redio

Tarehe 2 Novemba 1942 meli ya Kiholanzi iitwayo Zaandam, iliyokuwa ikitoka Cape Town kwenda New York, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijerumani kwenye Atlantiki, karibu na ikweta. Watu watano waliishia juu ya chelezo kimoja cha mbao. Watatu kati yao waliokotwa wakiwa hai tarehe 24 Januari 1943, siku ya 83. Mmoja wao alikuwa kijana wa Jeshi la Majini la Marekani, Basil Izzi. Mwaka huohuo kisa chake kikawa kitabu, na kitabu kikawa mchezo wa redio wa nusu saa.

Nusu saa! Ukigawa, kila dakika ya redio imemeza karibu siku tatu za bahari. Vijana hunijia na kitabu cha vita mkononi wakiuliza watapata wapi mlio wa bunduki. Bunduki ngoja kwanza. Swali la kuanzia ni saa: kitabu kinakwenda kwa saa ipi, na mchezo wako utakwenda kwa saa ipi.

Naandika na kuongoza michezo ya redio kwa Kiswahili, na nusu ya ninayoyajua nimeyaiba kwa kusikiliza vipindi vya Marekani vya miaka ile. Haya ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Sikiliza waliotangulia, ukiwa na saa mkononi

Kipindi cha kuanzia ni Words at War cha NBC, shirika la redio la Marekani. Kilianza Juni 1943 kikaisha Juni 1945, mwezi mmoja baada ya Ujerumani kusalimu amri. Kila wiki kitabu kimoja, nusu saa. Nyuma yake lilikuwapo Baraza la Vitabu la Wakati wa Vita, lililoundwa mwaka 1942 na wachapishaji, wauza vitabu na wakutubi, na wito wao ulikuwa kwamba vitabu ni silaha katika vita vya mawazo. Ndio haohao waliowachapia askari vitabu vyembamba vya kutia mfukoni, nakala zaidi ya milioni 120.

Rekodi nyingi zimebaki na unazipata kwenye intaneti. Chagua tatu au nne. Usijilaze kwenye kochi. Kaa mezani na karatasi, na kila dakika inapopita andika: nani anasema, tuko wapi, muda kiasi gani umepita ndani ya kisa. Utaona jambo moja mapema. Hawa watu hawakuogopa kitabu kigumu. Waliigiza hata The Road to Serfdom cha Hayek, kitabu cha uchumi na siasa ambacho hakina mhusika hata mmoja wa kushika mkono. Mimi nikilalamika kwamba kitabu "hakiigiziki", huwa nakumbuka hilo nanyamaza.

Usikipende kila kitu, lakini. Kiangazi cha 1944 mdhamini alikuwa kampuni ya nta ya kung'arisha sakafu, basi mtu amekwisha kufa vitani na sauti nyingine inakuja kukushauri juu ya sakafu yako. Na mara nyingi mwishoni anatokea mtu wa kukuhubiria maana ya ulichokisikia. Walikuwa vitani, walikuwa na sababu zao. Wewe huna.

Hatua ya 2: Soma mara mbili, ya pili kwa sikio

Mara ya kwanza soma kama msomaji. Mara ya pili shika penseli na uwekee alama kile tu kinachosikika: sauti ya mtu, pumzi, bawaba ya mlango, maji, ukimya wa ghafla. Waandishi wa vitabu vya vita wamejaa macho. Watakuandikia rangi ya moshi ukurasa mzima. Kisichosikika ama ukigeuze kisikike, ama ukiache, usimtie mhusika mdomoni maneno kama "Tazama, ndege tatu zinakuja kutoka mashariki!" Hakuna mtu mwenye ndege tatu juu ya kichwa anayesema hivyo. Anasema "Lala!" na anaanza kukimbia.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa kumbukumbu za askari mmoja, na niliingiza kitabu chote: maonyesho 14, watu 20, mizinga kila baada ya dakika mbili. Fundi mitambo alisikiliza mpaka mwisho, akavua vidude vya masikioni, akaniuliza: "Sasa bwana, hii ni vita au ni fataki za mwaka mpya?" Kituo hakikuurusha, na ninawashukuru.

Hatua ya 3: Chagua saa

Hapa kaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Vitabu vya vita huja na moja ya shida mbili. Kuna kitabu chenye muda mwingi kupita kiasi, kama cha chelezo: siku 83 za jua, mvua, ndege, samaki, na watu wawili kufa. Na kuna kitabu chenye muda mdogo kupita kiasi. Mfano wake tunao nyumbani. Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo katika msafara, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilibeba wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi, mabaharia. Takriban watu 1,300 walikufa, na meli ilitoweka kwa muda wa kama dakika mbili tu. Ukiigiza tukio lile kwa saa yake halisi, mchezo umekwisha kabla msikilizaji hajaketi.

Shida hizi mbili zina dawa tofauti.

Muda ukizidi, usiufupishe wote sawasawa. Wanafunzi wengi wanafanya hivyo: siku ya kwanza kidogo, ya kumi kidogo, ya thelathini kidogo, mpaka mchezo unakuwa kalenda. Chagua siku nne au tano tu, na kila moja iache iende kwa mwendo wa kawaida, kama mtu yuko pale. Kati ya siku na siku ruka bila kuomba radhi. Msikilizaji ataujua muda uliopita kwa sauti za wahusika: wanazidi kuwa wakavu, sentensi zinafupika, utani unakwisha, kisha unarudi ukiwa wa aina nyingine. Mambo hayo yanapima siku vizuri kuliko msimulizi anayesema "wiki tatu baadaye".

Muda ukipungua, rudia. Meli ile ningeiandika kwa kuipiga mara nne: mara ya kwanza tukiwa na muuguzi, mara ya pili na mpiga mizinga aliye chini kabisa, kisha na mtu wa chumba cha mashine, na mwisho tukiwa kwenye meli nyingine ya msafara, mbali, ambako mlio uleule ni kishindo kidogo tu na mtu anauliza, "Nini hicho?" Kishindo ni kimoja, masikio ni manne. Ikifika mara ya tatu msikilizaji ameshajua kinachokuja, na mazungumzo ya kawaida kabisa, mtu anatafuta kifungo cha shati kilichopotea, yanakuwa mazito hayabebeki.

Hatua ya 4: Nani anasimulia

Kwa kitabu cha kumbukumbu jibu linaonekana rahisi: mwenyewe. Tahadhari moja. Akisimulia aliyepona, msikilizaji anajua tangu dakika ya kwanza kwamba amepona. Hilo si kosa ikiwa swali la mchezo ni "aliponaje" au "alipoteza nini". Lakini ukitaka hofu ya kama atapona, mnyime usimulizi. Chagua moja. Nusu saa haina nafasi ya yote mawili.

Hatua ya 5: Hesabu maneno kabla ya kuandika

Kwenye nusu saa toa utambulisho, majina ya waigizaji na muziki. Mimi hubaki na dakika 26. Kiswahili kina maneno marefu, na mwigizaji anayevuta pumzi vizuri hunipa maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Toa tena ukimya na milio. Maneno 2,300 ndiyo kikomo changu. Ukishayahesabu, unaacha kujidanganya kwamba ile sura ya saba itaingia.

Na ruhusa. Kama mwandishi yu hai, au hajatimiza miaka 50 tangu afariki (hiyo ni sheria ya Kenya, angalia ya kwako), mwandikie mchapishaji kabla ya mstari wa kwanza.

Hatua ya 6: Andika kwa ajili ya fundi, si kwa ajili ya msomaji

Hiki ni kipande cha zoezi ninalowapa wanafunzi. Watu wawili kwenye chelezo, wa kubuni, wiki ya pili au ya tano. Hakuna anayetaja wiki.

MLIO: Maji yanapiga ubao, polepole. Kamba inalia. Yanaendelea chini ya mazungumzo.

KIJANA: Leo siku gani?

MZEE: Jumatano.

KIJANA: Jana ulisema Jumatano.

MZEE: Jana ilikuwa Jumatano ya mvua. Hii ni Jumatano ya jua.

MLIO: Kopo tupu linagonga ubao mara moja.

KIJANA: Tupime maji?

MZEE: Likitua.

(Kimya, sekunde nne.)

MLIO: Mabawa. Karibu sana. Yanakoma.

KIJANA (kwa pumzi): Mzee. Usitikisike. Ametua begani kwako.

Hesabu yaliyomo: njaa, kiu, nani ana mamlaka, akili iliyoanza kuchoka, na chakula kilichojileta chenyewe. Neno njaa halimo. Angalia pia kwamba milio imeandikwa kwa namna ambayo fundi anajua lini ianze na lini ikome. "Sauti za bahari" haimwambii kitu. Atakuwekea mawimbi ya Coco Beach na watoto wakicheka nyuma.

Sekunde nne za ukimya ziandike kwa namba. Usipoziandika, mwigizaji mwenye haraka atakuachia moja.

Hatua ya 7: Milio

Miaka ile michezo ya NBC ilirushwa moja kwa moja. Mtu wa milio alisimama studioni pamoja na waigizaji, na mlango wake mdogo, sanduku lake la changarawe, na vifuu vya nazi vya kwato za farasi. Sisi wa pwani vifuu tunavyo bure, lakini vitabu vya vita vya siku hizi havina farasi.

Kwa chelezo mimi hutumia beseni la maji, kipande cha ubao, na kamba ya katani niliyoilowesha na kuifunga kwenye mguu wa kiti. Ukiivuta taratibu inalia kama inayobeba uzito. Mabawa ni glavu za ngozi zikipigwa hewani karibu na maikrofoni. Kwa sauti kavu ya mwenye kiu, mwigizaji wangu hutafuna biskuti kavu na hanywi maji mpaka onyesho liishe. Midomo itagandamana na kutoa vile vimlio ambavyo siku nyingine fundi huvikata. Mwombe asivikate.

Bunduki: ukilazimika, moja. Na iandikie mtu wa kuisikia. Risasi peke yake ni kelele tu. Risasi inayofuatiwa na mtu aliyeacha sentensi katikati imeua.

Hatua ya 8: Adui ana mdomo pia

Vitabu vya 1943 vina majina ya kumtukana adui, na Wajapani ndio waliotukanwa zaidi, hata kwenye majalada. Usisafishe. Askari wa mwaka ule aseme kama alivyosema. Ila tusi libaki kwa mhusika, lisihamie kwa msimulizi, kwa sababu msimulizi anasikika kama wewe. Na adui akiingia kwenye onyesho mpe mstari mmoja ambao ungeweza kusemwa na mtu yeyote: anaulizia sigara, analalamikia viatu. Lafudhi ya kuchekesha mwachie mchekeshaji.

Hatua ya 9: Mazoezi, kisha mchele

Soma skripti nzima mezani na saa mara mbili. Weka alama kwenye mistari sita au saba ambayo inaweza kutoka bila kisa kuvunjika, maana siku ya kurekodi utazidi kwa dakika moja na nusu, utakuja kuniambia. Ukikata siku hiyohiyo bila alama utakata kitu kinachohitajika onyesho la mwisho.

Ukisharekodi, tafuta mtu ambaye hajasoma kitabu. Mimi nina shangazi yangu. Namwekea redio jikoni, yeye na ungo wake wa mchele, nami nakaa nyuma yake na karatasi. Simwangalii uso, maana ananipenda na uso wake utanidanganya. Naangalia mikono. Mikono ikisimama juu ya mchele naandika dakika. Ikianza kuchambua haraka naandika pia; hapo amechoka. Akigeuka kuniuliza, "Huyu anayesema sasa ndiye yule wa mwanzo?", sijitetei wala simjibu. Nazima redio na kurudi kwenye onyesho hilo, kwa sababu wahusika wangu wawili wana sauti moja na mmoja wao lazima aondoke.