Hita ya gesi inawaka halafu inazimika: anza kwa kuangalia inazimika lini

Unafungua bomba la bafuni alfajiri, maji yanatoka baridi ya kukata vidole. Unaenda kwenye hita, unawasha pailoti, ule moto mdogo unaotakiwa kukaa ukiwaka muda wote. Unashika vizuri. Unaachia nobu, umezimika.

Kabla ya kujaribu tena, nusa, na uiname unuse na karibu na sakafu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Gesi asilia inayokuja kwa mabomba ni nyepesi, hupanda. Ukisikia harufu kama ya yai viza, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, usipige simu ukiwa ndani. Toka na watu wako, kisha upige namba ya dharura ya gesi ya nchi uliyopo.

Kama hakuna harufu, funga nobu na usubiri dakika 5. Kisha jiulize: moto unazimika wakati gani hasa?

Ukizimika mara tu unapoachia nobu, wa kushukiwa kwanza ni themokapo, kijiti cha metali kilichosimama ndani ya moto wa pailoti. Kikipata joto huzalisha umeme kidogo mno, kama milivolti 20 hadi 30, na huo ndio unaoshikilia sumaku iliyoacha wazi njia ya gesi. Joto likipotea, sumaku inaachia, gesi inakatika. Kwa hiyo, mara nyingi, mtambo unaozimika unafanya kazi yake sawasawa. Umekosa tu ushahidi kwamba moto upo.

Basi mpe huyo shahidi muda: bonyeza nobu kwa sekunde 60 nzima, si kumi. Ukiwa umeshikilia, chungulia moto. Unatakiwa uwe wa buluu, na uilambe ncha ya themokapo kama sentimita moja hivi. Ukiwa wa manjano na unayumbayumba, au hauifikii ncha, basi tundu la pailoti lina uchafu au hewa haitoshi. Ukiwa mzuri na bado unazimika, themokapo imechoka au imelegea pale inapoungana na vali. Kubadilisha ni kazi fupi kwa fundi, na kipuri chenyewe ni kidogo. Usikimbilie kuamini anayekwambia ununue hita mpya kabla hata hajaipima.

Ukizimika baada ya saa kadhaa, au usiku tu, achana na themokapo kwanza, tafuta habari za hewa. Hapa nina kesi yangu mwenyewe. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliziba kwa taulo tundu la hewa lililokuwa karibu na hita, maana upepo ulikuwa unanikata miguu. Nikajiona mjanja. Siku ya tatu moto ulikuwa wa manjano, hita inazimika ovyo, na mimi naamka na kichwa kinagonga. Nilidhani ni mafua. Nilipotoka nje kikapoa, niliporudi kikaanza tena. Taulo ilitoka siku hiyohiyo.

Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyopungua ukitoka nyumbani ni ishara yake. Kikivuma king'ora chake, au ukijisikia hivyo, toka nje na uombe msaada, hita itasubiri. Kama nyumba haina king'ora hicho, kiweke kabla ya kununua zulia.

Kwenye hita ya tangi yenye uwazi pale juu ya tangi inapoanzia dohani, yaani bomba la moshi, kuna jaribio rahisi: hita ikiwa inachoma, sogeza pale njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa. Moshi wake uvutwe ndani. Ukisukumwa kukurudia usoni, zima hita, fungua madirisha, ita fundi. Rudia jaribio feni ya jikoni ikiwa inazunguka, kwani feni kali inaweza kuvuta moshi wa hita urudi chumbani. Matangi mengi ya siku hizi yana pia wavu wa kuingiza hewa chini kwenye kitako. Yakikaa chumba kimoja na mashine ya kufulia, wavu hujaa nyuzinyuzi za nguo. Zima, acha ipoe, safisha kwa brashi laini.

Zile ndogo za ukutani zinazochemsha maji papo kwa papo, anza na betri ya kuwashia, kama zinayo. Kisha ongeza kasi ya maji, maana yakitoka kwa kuchuruzika tu haziwaki.

Vali na mabomba ya gesi usiyafungue. Uingereza, anayefanya kazi hiyo lazima awe amesajiliwa na Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi, na mwenye nyumba ya kupangisha anawajibika kukaguza vifaa vyake vya gesi kila mwaka. Ukiwa mpangaji, mwandikie mwenye nyumba badala ya kumpigia simu, uambatishe picha ya moto na ya kibandiko chenye modeli: "Pailoti inawaka, ni ya buluu, nimeshikilia nobu sekunde 60 mara tatu, inazimika nikiachia tu." Fundi akisoma hivyo atakuja na themokapo mkobani.