Harusi inacheza kwenye kompyuta, deki inaikataa

Nahariri video za harusi hapa Unguja, na wateja wengi siku hizi wanataka flashi tu. Ila kuna familia moja ina shangazi yao Muscat, mwenye deki ya Blu-ray, na hataki kusikia habari za kufungua video kwenye simu. Nikachoma diski mbili, zikasafiri na mgeni, zote mbili zikagoma. Kwangu zilikuwa zinacheza bila wasiwasi. Kompyuta hula kila kitu, deki huchagua.

Kosa langu lilikuwa fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Huku tunapiga fremu 25 kwa sekunde, urithi wa PAL, mfumo wa zamani wa televisheni, picha ya 1920 kwa 1080, kila fremu nzima. Blu-ray ya kawaida haina nafasi ya mchanganyiko huo. Kwenye 1080, fremu nzima inazikubali zikiwa 24 au 23.976. Ukitaka 25, sharti picha iwe ya mistari inayopishana, nusu-fremu 50 kwa sekunde. Kwenye programu utaiona imeandikwa 1080i 25, na nyingine huiita 50i. Usiogope kwamba picha itaharibika. Kila fremu yako inagawanywa nusu mbili za tukio lilelile, na televisheni inaziunganisha tena. Hakikisha tu mpangilio unaanza na mistari ya juu. Ukitumia x264, programu ya kubana video, weka --bluray-compat pamoja na --fake-interlaced, na --keyint 25 ili fremu kamili ya kuanzia irudi kila sekunde.

Usidanganyike kugeuza 25 kuwa 24 ili kukwepa kazi hii. Harakati zitaruka, na ukipunguza kasi ya sauti ifuatane na picha, taarabu yote inashuka ufunguo. Bibi harusi hatajua nini kimeharibika, lakini mpiga fidla atajua.

Kama kamera ilipiga fremu 50 nzima kwenye 1080, hiyo nayo haipokelewi. Ama ishushe iwe 1280 kwa 720 na ubaki na fremu 50, ama itoe kwa 1080i 25. Ngoma na vigelegele mimi napenda kuvitoa kwa 1080i, maana harakati zote 50 zinabaki.

Baada ya fremu, piga hesabu ya ujazo. Diski ya safu moja ni GB 25, lakini kompyuta itakuonyesha kama 23.3 kwa sababu inahesabu kwa namna yake, hujaibiwa. GB 25 ni takriban megabiti 200,000. Harusi yangu ilikuwa saa 2 na dakika 40, yaani sekunde 9,600. Gawanya, unapata karibu megabiti 20.8 kwa sekunde kwa kila kitu. Sauti ya PCM (isiyobanwa) ya stirio inakula 1.5, menyu nayo inataka chake, kwa hiyo nikaweka wastani wa picha kwenye 18 na kilele 30. Sheria ya Blu-ray inaruhusu picha hadi 40, lakini diski ya kuchoma nyumbani ikipelekwa karibu na ukomo, baadhi ya deki hukwama pale taa za ukumbini zinapomweka.

Sauti: AAC, aina ya sauti iliyobanwa inayokuja kwenye MP4, haifai. Toa PCM au AC-3 (Dolby Digital), zote kwa 48 kHz. Kwenye Premiere, programu ya kuhariri, chagua H.264 Blu-ray, utapata faili la picha na faili la sauti kila moja peke yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiipa programu ya kutengeneza diski MP4 ya kawaida, itairenda upya, yaani kuitengeneza video yote tena, na picha inapoteza ubora mara ya pili.

Sauti ikianza sawa kisha ikaachana na midomo kadiri muda unavyokwenda, tafuta vipande vya simu. Simu hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika. Vipitishe kwanza HandBrake, programu ya kugeuza video, kwa kiwango cha fremu kisichobadilika ndipo uviweke kwenye kazi.

Kurenda kukikatika kila mara mahali pamoja, usianze kusakinisha programu upya. Andika dakika iliyofia, nenda kwenye kazi uone kuna nini pale. Kwangu ilikuwa picha moja ya mnato, kubwa kupita kiasi, ya maharusi ufukweni; nilipoipunguza, kazi ikaisha. Kurenda kukigoma bado, zima msaada wa kadi ya picha urende kwa prosesa peke yake: ni polepole lakini inafika. Faili likikatika kwenye GB 4, flashi au diski ya kompyuta unayotolea imepangwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili kubwa zaidi ya hapo; itoe kwenye ya NTFS au exFAT. Na umeme ukikatika, hilo unalijua mwenyewe. Renda kwa vipande ukiwa huna UPS, betri ya akiba ya kompyuta.

Usichome diski ya kudumu kabla ya kujaribu. Nina BD-RE moja, diski ya Blu-ray inayofutika, naifuta na kuichoma tena, kisha naipeleka kwenye deki ya kweli, ya jirani, kwa sababu mimi sina. Naruka sura zote, naangalia mwisho wa diski, halafu nachoma ile ya mteja kwa kasi ndogo ya 4x na kuiacha programu iihakiki.

Diski ya tatu ilifika Muscat na ikacheza. Shangazi alipiga simu siku ileile, kuuliza kwa nini meza yake haikuonekana wakati wa biriani.