Kiulize kitenzi chako kwanza: maneno ya Kiingereza yanayotuchanganya

Barua za Kiingereza ninazoletewa kuzisahihisha hapa Mombasa, ziwe maombi ya kazi za hoteli au barua za wapangaji kwa wenye nyumba, huwa na kosa la namna moja: mwandishi anayajua maneno mawili, ila anapofika njia panda hushika lisilo lake. Dawa ninayoitoa kwanza si kamusi. Ninamwambia aiseme sentensi yake kwa Kiswahili, kisha ausikilize mwisho wa kitenzi.

Chukua "rise" na "raise". Nauli ya matatu ya Mtwapa ikipanda, imepanda yenyewe, na hapo neno ni "rise": "The fare has risen." Makanga wakiipandisha, pana mtendaji na pana kinachotendwa, kwa hiyo neno ni "raise": "They have raised the fare." Njia hiyo hiyo hutenganisha "remember", ambalo ni kukumbuka, na "remind", ambalo ni kukumbusha, vilevile "borrow", kukopa, na "lend", kukopesha. Usijaribu kwa kuazima, maana sisi husema "nimeazima baiskeli" na "niazime baiskeli" kwa kitenzi kilekile, na hapo hupati msaada wowote.

Tabu ipo kwa "lie" na "lay". Kulala ni "lie" na kulaza ni "lay", hadi hapo kanuni inashika. Lakini wakati uliopita wa "lie" nao ni "lay", kwa hiyo "alilala kitandani" huwa "she lay on the bed", na "alimlaza mtoto kitandani" huwa "she laid the baby on the bed". Hapa hakuna ujanja ila kukariri: "lie, lay, lain" kwa kulala, "lay, laid, laid" kwa kulaza.

Jozi moja niliilipia mwenyewe. Nilichomolewa simu mfukoni katika msongamano wa feri ya Likoni, nikaenda kuandikisha taarifa polisi, na kwa kujiamini nikaandika: "I was robbed." Askari wa zamu akaniuliza nilitishiwa kwa silaha gani. Hakuna aliyenitishia, hata mkono wenyewe sikuuhisi. Swali lake lilikuwa la haki, kwani Kanuni za Adhabu za Kenya hueleza wizi katika kifungu cha 268, na unyang'anyi, yaani wizi unaoandamana na nguvu au tishio la kuitumia, katika kifungu cha 295. Ningalijiuliza kwa Kiswahili, nisingalikosea: kuiba ni "steal", kunyang'anya ni "rob". Tena kinachokuwa "stolen" ni kitu, na anayekuwa "robbed" ni mtu, au mahali kama duka na benki. Kwa hiyo "my phone was robbed" haifai hata kama umeshikiwa panga. Nilichotakiwa kuandika ni "My phone was stolen."

Maneno yanayopishana kwa herufi moja hayahitaji maelezo mengi. Katika tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo tunayoifuata Kenya, nomino huchukua "c" na kitenzi "s": "advice" ni ushauri, "advise" ni kushauri, na ndivyo ilivyo kwa "practice" na "practise". "Advices" haina udhuru, kwa kuwa hata ushauri wetu hauna wingi. Anayeandika "equipments" ninamwelewa zaidi, maana vifaa vyetu huhesabika, ilhali Kiingereza hulikatalia neno hilo wingi.

Limebaki "mpaka", linalowaponza hasa waongoza watalii. Mgeni akiambiwa "Stay in Fort Jesus until five", atakaa ndani muda wote huo. Akiambiwa "Be back at the bus by five", ana hiari ya kurudi hata saa tisa. Weka "kabla haijapita" mahali pa "mpaka", na sentensi ikikubali, neno lako ni "by". Na saa yenyewe uigeuze: niliwahi kuona ratiba iliyowataka wageni wawe wamerudi "by eleven", nao wakajipanga kando ya basi saa tano asubuhi, wakati dereva alikuwa amekwenda zake nyumbani hadi saa kumi na moja.